Mchango Uliowahi na Mchango Uliochelewa

Daftari la mchango ni kitu ambacho kila mmoja wetu anakijua. Linapita mtaani kwa ajili ya harusi, linapita kwa ajili ya msiba, kwa ajili ya mgonjwa anayepelekwa hospitali ya rufaa, na kwa ajili ya paa la shule lililoezuliwa na upepo. Hapo hatuulizi maswali mengi. Tunaandika jina, tunaandika kiasi, tunatoa. Lakini mwendee mtu huyohuyo umwombe achangie maonyesho ya kazi za mchongaji katika jumba la makumbusho, utaona anakutazama kwa mshangao. Atakuambia kwamba vinyago havili wala havinywi, na kwamba mchongaji mwenyewe anauza kazi zake, basi na ajigharimie.

Swali hilo si la kubeza. Fedha ni chache na mahitaji ni mengi. Juma hili nataka tulijibu kwa historia, na historia yenyewe itatupeleka Rumania, nchi ya Ulaya ya Mashariki. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu imepitisha bakuli kwa ajili ya mchongaji mmoja katika vizazi viwili tofauti. Mara ya kwanza walioshika bakuli walikuwa wanawake wa mkoa mmoja, na kazi yao ikakamilika na ipo mpaka leo. Mara ya pili aliyeshika bakuli ilikuwa serikali nzima, katika zama za televisheni na simu za mkononi, na bakuli likarudi na pengo kubwa. Mchongaji ni yuleyule, na nchi ni ileile. Ni kitu gani basi kilichobadilika?

Mchongaji huyo ni Constantin Brâncuși. Alizaliwa tarehe 19 Februari 1876 katika kijiji cha Hobița, mkoa wa Gorj, chini ya milima ya Carpathia. Wazazi wake walikuwa wakulima maskini, na alipokuwa na umri wa miaka 7 alikuwa tayari anachunga kondoo. Katika vijiji vya sehemu ile karibu kila kitu kilikuwa mti: nyumba, malango, nguzo za baraza, vijiko, hata misalaba ya makaburini, na wakulima wenyewe ndio waliotia nakshi kwa kisu na patasi. Mtoto yule alizoea kisu kabla ya kuzoea kalamu. Akatoroka nyumbani, akawa mtumishi wa dukani katika miji kadhaa, mpaka akafika Craiova, mji mkubwa wa eneo lile. Husimuliwa kwamba huko alitengeneza fidla kwa mbao za masanduku ya bidhaa, ikalia vizuri, na walioisikia wakasema kijana kama huyu si wa kuachwa akipima chumvi. Mwaka 1894 akaingia shule ya ufundi ya Craiova.

Hapo ndipo hesabu yetu ya fedha inapoanza. Kijana hakuwa na kitu. Waliompa posho ya masomo walikuwa wadhamini wa kanisa moja la mjini Craiova, liitwalo Madona Dudu. Alipotaka kuendelea katika chuo cha sanaa cha Bucharest mwaka 1898, aliuza fungu lake la urithi wa baba. Posho ya kanisa na kipande cha shamba: huo ndio mtaji wa mtu ambaye leo kazi zake zinauzwa kwa mamilioni. Wale wazee wa kanisa hawakuwa wataalamu wa sanaa. Walichofanya ni kumwona mtoto wa kwao mwenye kipaji, wakampa kidogo walichokuwa nacho, tena wakati ambao kidogo kile kilikuwa kinahitajika.

Fedha za pili zilikuja kwa njia nyingine, na zina funzo lake. Mwaka 1903 Brâncuși alipewa kazi yake ya kwanza ya umma, sanamu ya kifua na kichwa ya Jenerali Carol Davila, daktari aliyejenga huduma ya tiba katika jeshi la Rumania. Makubaliano yalikuwa alipwe nusu mwanzoni na nusu baada ya kazi kupokelewa. Kamati ikaja kukagua. Huyu akataka pua irekebishwe, yule akataka mabega yabadilishwe. Kwa masimulizi yake mwenyewe, Brâncuși alitoka bila kuingoja nusu ya pili, ambayo ndiyo ingekuwa nauli yake ya kwenda Paris, akaondoka kupitia Munich, akitembea kwa miguu sehemu kubwa ya safari. Alifika Paris mwaka 1904. Leo sanamu ile ya Davila iko Bucharest, katika hospitali ya kijeshi yenye jina la jenerali huyo. Tuseme tu kwamba mkono unaotoa fedha unaweza pia kumfukuza msanii, ukidhani kwamba kulipa ni kumfundisha kazi.

Huko Paris aliosha vyombo katika mkahawa na kuimba katika kanisa la Warumania ili apate riziki, huku akisoma. Mwaka 1907 akaingia katika karakana ya Auguste Rodin, mchongaji mkubwa kupita wote wa wakati ule, akakaa muda mfupi tu, akaondoka. Inasemekana alieleza kwamba chini ya mti mkubwa hapaoti kitu. Mwaka huohuo wa 1907 alichonga jiwe la chokaa, mwanamke aliyeketi ameinamia nafsi yake, urefu wake kiasi cha nusu mita. Kwa Kirumania linaitwa Cumințenia Pământului, yaani Hekima ya Ardhi. Lilipoonyeshwa Bucharest mwaka 1910, wengi walilicheka. Mhandisi mmoja, Gheorghe Romașcu, hakucheka. Alilinunua, na kufikia mwaka 1911 lilikuwa mali yake. Naomba mlikumbuke jiwe hili, kwa maana tutalirudia.

Katika miaka ile ya 1910, wasanii wa Paris walikuwa wakitazama kwa makini vinyago vya Kiafrika vilivyokuwa vimefikishwa Ulaya na wakoloni na wafanyabiashara. Brâncuși naye alivitazama, na wataalamu wengi wanaona alama yake katika kazi zake za mti za wakati huo. Kwa hiyo historia hii si ya Wazungu peke yao. Tofauti ni kwamba jina la Brâncuși liliandikwa, na majina ya wachongaji wale wa Kiafrika hayakuandikwa. Mara nyingi kazi zao zilikaa katika makabati ya makumbusho ya Ulaya zikiwa na jina la kabila tu, kana kwamba kabila zima lilishika patasi moja.

Sifa za Brâncuși zikaenea, hasa Marekani. Mwaka 1926 sanamu yake ya shaba iitwayo Ndege Angani ilipofika New York, maofisa wa forodha hawakuona ndege wala sanaa. Sheria iliruhusu kazi za sanaa kuingia bila ushuru, lakini wao waliiandika katika fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, wakadai ushuru wa asilimia 40. Kesi ikaenda mahakamani, na Novemba 1928 hakimu akaamua kwamba ile ni sanaa, hata kama haina bawa wala mdomo. Ikawa habari ya dunia. Mtoto aliyechunga kondoo Hobița sasa alikuwa akijadiliwa na mahakimu wa nchi tajiri.

Sasa turudi Gorj, kwani mchango wa kwanza mkubwa ulianzia huko. Mwezi Oktoba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Ujerumani yalishuka bonde la mto Jiu na kufika mji wa Târgu Jiu, makao makuu ya mkoa. Wanajeshi wa Rumania hawakuwapo mjini kwa idadi ya kutosha. Waliojitokeza kwenye daraja walikuwa wazee, wanawake, vijana wa skauti na polisi wachache, nao wakawazuia. Siku zilezile vita hiyohiyo ilikuwa ikipiganwa huku kwetu; Dar es Salaam ilikuwa imetwaliwa na Waingereza mwezi wa Septemba tu. Kumbukumbu yetu ya vita ile tunaijua: ni sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya Dar es Salaam mwaka 1927, kazi ya mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson. Mkoloni ndiye aliyeamua isimame, na mchongaji alitoka kwa mkoloni. Mkoa wa Gorj ulikwenda njia nyingine.

Palikuwapo chama cha Ligi ya Kitaifa ya Wanawake wa Gorj, kikiongozwa na Bibi Arethia Tătărescu. Chama hicho kilitaka mashujaa wa mwaka 1916 wawe na kumbukumbu yao. Kikamwendea mchongaji wa kike, Milița Petrașcu, aliyekuwa mwanafunzi wa Brâncuși. Bibi huyu angeweza kuichukua kazi yote na malipo yake. Badala yake aliwaambia wakinamama kwamba kazi hii ni ya mwalimu wake, na kwamba mwalimu wake ni mtoto wa Gorj. Brâncuși alipokea ombi hilo mwaka 1935 akiwa Paris. Alikubali, na akakataa kulipwa ujira wa kazi yake.

Tusijidanganye lakini kwamba kazi ilikuwa ya bure. Ujira wa mchongaji ni sehemu moja tu ya gharama. Jiwe lilipaswa kununuliwa, chuma kiyeyushwe, mafundi walipwe, na barabara ifunguliwe katikati ya mji kuanzia mtoni mpaka uwanja wa upande wa pili. Bibi Tătărescu alikuwa mke wa waziri mkuu, Gheorghe Tătărescu, na hapana shaka jambo hilo lilifungua milango ya hazina ambayo isingefunguka kwa mwingine. Ni haki kulisema, kwa sababu tukilificha tutadhani kwamba nia njema peke yake hujenga. Hata hivyo wake wa mawaziri wakuu wamekuwa wengi duniani, na kumbukumbu za namna hii ni chache. Chama kilijua kitu gani kinajengwa, mahali gani, kwa heshima ya nani, na kwa mkono wa nani.

Brâncuși akaja mwaka 1937, na kazi ikafanyika mwaka huo na uliofuata. Kando ya mto aliweka Meza ya Kimya, ya jiwe, ya mviringo, yenye viti 12. Hatua chache mbele yake akasimamisha Lango la Busu. Kutoka hapo barabara inakatiza mji na kupita penye kanisa, mpaka inapofika Nguzo Isiyo na Mwisho. Nguzo hiyo inazidi mita 29. Imeundwa kwa vipande vya chuma vilivyomiminwa katika kalibu na kupangwa kimoja juu ya kingine kama shanga katika uzi, na uzi wenyewe ni mhimili wa chuma cha pua uliozikwa chini katika zege. Hesabu za kuisimamisha zilifanywa na mhandisi Ștefan Georgescu-Gorjan, na vipande vilitoka katika karakana za Petroșani, mji wa machimbo ya makaa ya mawe ulioko ng'ambo ya milima. Wanaozijua nguzo za baraza za wakulima wa Gorj wanaitambua mara moja. Ni nguzo ya nyumbani, iliyokataa kusimama chini ya paa.

Kazi yote ilikabidhiwa tarehe 27 Oktoba 1938. Mwaka uliofuata vita nyingine kuu ikaanza Ulaya. Lau wakinamama wale wangesema tungoje hali ya fedha itengemae, pasingekuwa na kitu.

Baada ya vita serikali ya kikomunisti ikashika madaraka, na sanaa ya Brâncuși ikaonekana kuwa ya kibepari. Mwaka 1951 wanazuoni wa Akademia ya Rumania walikaa kikao na kukataa kazi zake zipewe nafasi katika makumbusho. Na katika miaka hiyo ya 1950 viongozi wa mji wa Târgu Jiu walijaribu kuiangusha nguzo wapate chuma chakavu. Waliifunga, wakaivuta. Haikuanguka. Mhandisi alikuwa ameitia mizizi.

Mchongaji mwenyewe alikuwa amezeeka Paris. Mwaka 1952 akachukua uraia wa Ufaransa. Mwaka 1955 Jumba la Makumbusho la Guggenheim la New York likamfanyia maonyesho makubwa, na mwaka 1956 Bucharest nayo ikafanya maonyesho yake, wakati ambapo mzee alikuwa na miaka 80 na muda wake ulikuwa umekwisha. Mwaka huohuo wa 1956 aliandika wosia: karakana yake pamoja na vilivyomo aliiachia dola ya Ufaransa, kwa sharti kwamba itunzwe kama alivyoiacha. Alifariki tarehe 16 Machi 1957. Wafaransa wakaitunza, na tangu mwaka 1997 karakana hiyo ikawa na jengo lake lililosanifiwa na Renzo Piano, mbele ya jumba la Pompidou katikati ya Paris. Waswahili tuna neno la jambo hili, wala sihitaji kulitafuta mbali: chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Turudi sasa kwenye lile jiwe la mhandisi Romașcu. Katika enzi ya ukomunisti lilikuwa mikononi mwa makumbusho ya taifa. Baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1989, warithi wa mhandisi walikwenda mahakamani, na baada ya miaka mingi wakarudishiwa mali yao. Wakataka kuliuza. Mwaka 2016 serikali ya waziri mkuu Dacian Cioloș ikakubaliana nao bei ya yuro milioni 11. Serikali ingetoa milioni 5, na wananchi wakaombwa wachange milioni 6. Kampeni ikapewa jina la Brâncuși ni Wangu. Matangazo yakawa kila mahali, watu mashuhuri wakajitokeza, na mtu aliweza kuchanga kwa ujumbe wa simu. Kufikia mwisho wa Oktoba 2016, baada ya muda kuongezwa, kiasi kilichopatikana kilikuwa zaidi kidogo ya yuro milioni 1. Mpango ukavunjika.

Wapo waliosema kwamba Warumania hawaipendi sanaa. Si kweli. Tangu tarehe 30 Septemba 2023 hadi tarehe 28 Januari 2024, makumbusho ya sanaa ya mji wa Timișoara, ulioko magharibi mwa Rumania, ilifanya maonyesho ya kazi za Brâncuși, ya kwanza ya ukubwa ule nchini humo kwa zaidi ya miaka 50. Watu zaidi ya 100,000 walikwenda kuyatazama. Upendo basi ulikuwapo tangu mwanzo. Kilichokwamisha kampeni ya mwaka 2016 kilikuwa kingine.

Kwanza, mwaka 2016 wananchi waliambiwa wachangie kununua kitu kutoka kwa mtu binafsi. Mwaka 1937 fedha zilikwenda kwenye jiwe, chuma na jasho la mafundi. Watu wengi wanaochanga kwa moyo mkunjufu ili kitu kijengwe husita wanapoambiwa wamlipe muuzaji, hata muuzaji huyo akiwa na haki yake yote kisheria. Na hapo ndipo waliojitokeza kuuliza: bei hii imepatikanaje?

Pili, miezi michache si muda wa kumfundisha mtu kwamba kitu fulani ni chake. Wanawake wa Gorj hawakuwa na haja ya kuwashawishi watu wa Târgu Jiu kwamba mashujaa wa darajani ni wao. Kila nyumba ilikuwa na jina lake la kulia. Serikali ilibandika neno “wangu” juu ya jiwe ambalo wengi hawakuwahi kuliona kwa macho. Neno “wangu” halianzi kwenye bango. Linaanza mtoto anapopelekwa na mwalimu wake kwenye makumbusho, akasimama mbele ya kazi, akaambiwa huyu alitoka kijiji kile.

Tatu, na hili ndilo kubwa, bei ilikuwa ya watu waliochelewa. Mwaka 1911 jiwe lile lilinunuliwa na mhandisi mmoja kutoka mfukoni mwake. Mwaka 1951 nchi ilikuwa ikiikataa hata heshima ya kumpokea mtu wake. Mwaka 2017 kichwa kimoja cha shaba cha Brâncuși kiliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 57, na mwaka 2018 kazi nyingine kwa dola milioni 71. Anayeingia sokoni wakati huo hanunui tena jiwe. Ananunua miaka yote ambayo wengine walimtunza msanii na yeye hakumtunza.

Hata maonyesho ya Timișoara yana somo hilo. Ili Warumania waone kazi za mwana wao, ilibidi kuazima kutoka Paris, London na kwingineko. Na kuazima si bure. Kila kazi huhitaji bima kulingana na bei yake ya sokoni. Huhitaji sanduku lililopimwa kwa umbo lake, lori maalumu, mtu wa kuisindikiza, walinzi usiku na mchana, na chumba ambacho joto na unyevu wake haupandi wala kushuka ovyo. Mwenye mali hutaka hayo yote yahakikishwe ndipo atoe. Bei ya kazi inapopanda, na bima hupanda. Kwa hiyo makumbusho iliyokosa kununua wakati kazi ni rahisi huendelea kulipa kila inapotaka kuionyesha. Kinyume chake, Târgu Jiu haiazimi kwa mtu. Nguzo ilipopata kutu, wahisani wa nje, wakiwamo Benki ya Dunia na World Monuments Fund, walikuja kusaidia matengenezo. Julai 2024 UNESCO ikauingiza mkusanyiko wote katika orodha ya Urithi wa Dunia. Na hakuna mrithi wala mnada utakaouhamisha, kwa sababu ulitolewa kwa mji tangu siku ya kwanza.

Ndugu wasikilizaji, sitaki mtu aseme kwamba hayo ni ya Ulaya, sisi hayatuhusu. Huku kwetu tunaye George Lilanga, aliyezaliwa Masasi mwaka 1934, akaanza kazi kama mlinzi katika Nyumba ya Sanaa ya Dar es Salaam kabla ya mashetani yake yenye masikio makubwa kutambuliwa duniani. Alifariki mwaka 2005, na nyingi ya kazi zake nzuri ziko katika mikusanyiko ya ng'ambo. Tunaye John Fundi, Mmakonde aliyezaliwa Msumbiji, ambaye kazi zake zilionyeshwa Paris mwaka 1989. Mtaalamu kijana wa Tanzania anayetaka kuandika juu ya watu hawa atahitaji pasi ya kusafiria.

Wala si kweli kwamba Afrika Mashariki haikuwa na mtu aliyewahi. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa Kenya mwaka 1966, alikusanya kazi za sanaa za Kiafrika wakati ambapo wengi waliona ni takataka za kuuzia watalii. Baadaye aliuzia serikali ya Kenya nyumba yake na mkusanyiko huo ili ubaki nchini. Baada ya kifo chake mwaka 1990 nyumba ile haikutunzwa kama alivyotarajia, na hilo ni jambo la kusikitisha. Lakini sehemu kubwa ya mkusanyiko iko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, katikati ya Nairobi, na mwananchi anaweza kuingia akaiona. Mtu mmoja aliyewahi aliokoa kile ambacho kamati kumi zilizochelewa zisingeweza kukinunua leo.

Basi anapokuja mtu na daftari la mchango kwa ajili ya maonyesho ya mchongaji wa mkoa wako, usimfukuze, ila muulize maswali manne ambayo wanawake wa Gorj waliweza kuyajibu. Kazi ni ya nani na inahusu nini? Itawekwa wapi? Fedha zinanunua kitu gani hasa: mbao, usafiri, bima, au posho za vikao? Na maonyesho yakiisha, ni kipi kitakachobaki kwa watu waliochanga? Hilo la nne ndilo husahaulika. Maonyesho ya mwezi mmoja yakifungwa na kazi zikarudi kwa wanunuzi wa nje, tumekodi tu. Lakini kama katika kila maonyesho makumbusho itanunua kazi mbili au tatu kwa bei ya leo, na ikaandika jina la mchongaji, kijiji chake na mwaka wa kazi, baada ya miaka 20 itakuwa na hazina ambayo hakuna serikali itakayoweza kuipata kwa kampeni ya miezi michache.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo lina kurasa mbili. Katika ukurasa mmoja huandikwa majina ya waliotoa, na katika wa pili jina la aliyechonga. Wachongaji wale wa Kiafrika ambao Paris iliwatazama katika miaka ya 1910 walikosa ukurasa wao, na hakuna fedha itakayowarudishia majina. Walioko hai leo, huko Mtwara, Kisii na kwingineko, tunawajua kwa majina na kwa vijiji. Bei zao bado ni za mwaka 1911.